Mtu kazidisha dawa: ufanye nini, ubebe nini, na kwa nini hospitali wanafanya vile wanavyofanya

Hii naiandikia watu wa Arusha na Moshi kwa sababu ndo huku ninakofanya kazi, mimi ni nesi wa emajensi, na kitu kimoja nakiona karibu kila zamu: ndugu wamemkimbiza mgonjwa vizuri kabisa, wamepambana na foleni, wamefika jasho linawatoka, alafu daktari anauliza kala dawa gani, hawajui, kala saa ngapi, hawajui, vidonge vingapi, wanaangaliana. Baada ya hapo wanaanza kulalamika mbona hamumtapishi, mbona hamumsafishi tumbo, mbona amepewa dripu moja tu mnamwangalia. Nawaelewa kabisa, ukiwa na mtu wako pale kitandani huwezi kuwa mtulivu. Lakini daktari wa zamu hafanyi anachojisikia, anafuata mwongozo wa matibabu, na ule mwongozo kila hatua unauliza maswali yaleyale manne: nini, kiasi gani, saa ngapi, na mgonjwa ana kilo ngapi. Majibu ya hayo maswali yako nyumbani kwenu, hayako hospitali. Hospitali nyingi za kwetu hazina kipimo cha kusoma kiwango cha dawa kwenye damu, kwahiyo mwongozo unasema tibu kwa maelezo. Yaani maelezo yako wewe ndo maabara yenyewe.

Basi naenda kwa mpangilio wa mambo yanavyotokea, kuanzia pale unapomkuta.

Kwanza pumzi, mengine baadaye

Ukimkuta mtu kalala haamki, mwite kwa nguvu jina lake, msugue kwa vifundo vya ngumi katikati ya kifua, pale kwenye mfupa. Kama hashtuki, angalia kifua kwa sekunde kama 10 hivi. Kinapanda? Anavuta mara moja moja na katikati kimya? Midomo na kucha zimeanza kuwa za bluu au kijivu? Na sikiliza pia kule kukoroma, naomba hapa usikie vizuri: mtu aliyetumia unga (heroini) au vidonge vya usingizi alafu anakoroma kwa sauti nzito kama maji yanabubujika kooni, huyo hajalala usingizi mzuri, njia yake ya hewa inaziba. Watu wanasema muacheni alale dawa itaisha, na asubuhi wanamkuta amekufa. Usimuache.

Kama anapumua lakini hana fahamu mlaze ubavu, goti la juu likunjwe limzuie asigeuke kifudifudi, kichwa kirudi nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili akitapika matapishi yatoke nje yasiingie kwenye mapafu. Kama hapumui au pumzi zenyewe ni za kuokoteza, mlaze chali, inua kidevu kichwa kirudi nyuma, bana pua, mpulizie mdomoni mpaka uone kifua kimepanda, pumzi moja kila sekunde 5 au 6. Endelea hivohivo. Kama huoni dalili yoyote ya uhai, anza kukandamiza kifua, mara 30 kwa haraka na kwa nguvu, pumzi 2, tena 30.

Mtu anaweza kuuliza, mbona kwenye semina za kazini tuliambiwa tukandamize kifua tu, mambo ya kupuliza tuachane nayo? Ile inamhusu zaidi mtu mzima aliyeanguka ghafla kwa tatizo la moyo, damu yake bado ina oksijeni. Aliyezidisha unga, au dawa kali za maumivu kama morfini na tramadoli, kinachoanza kufa kwake ni kupumua, moyo unasimama baadaye kwa kukosa hewa, ndo maana miongozo ya kuzidisha dawa, ya Shirika la Afya Duniani na hata ya wale wa Chama cha Moyo cha Marekani, inaweka upumuaji mbele. Hata ile dawa ya kumwamsha, naloksoni, inakuja baada ya pumzi, haiji kabla. Ukijua kupuliza tu, umeshafanya zaidi ya nusu ya ile kazi ambayo na sisi tungeanza nayo.

Maziwa, mayai mabichi, maji ya chumvi: hapana

Hapa najua nagusa mambo ya bibi na babu zetu na siwadharau, walitumia walichokuwa nacho. Lakini mtu kazidisha dawa usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, usimpe yai bichi, usimpe maji ya chumvi, usimtie kidole kooni. Mtu ambaye fahamu zake zinapungua hawezi kulinda koo lake, ukimnywesha maziwa yanaishia kwenye mapafu, na sasa una mgonjwa wa matatizo mawili. Na kila kitu unachomjazia tumboni kinaweza kumfanya atapike akiwa njiani kwenye bajaji, amelala, hamna wa kumgeuza.

Na hili la kutapisha sio kwamba ni sisi tu tunabana. Huko Marekani zamani familia zilikuwa zinashauriwa ziwe na chupa ya dawa ya kutapisha nyumbani, sirapu ya ipekaki, kwa ajili ya watoto. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikasema isitumike tena nyumbani, kwa sababu kwa miaka yote ile haikuonekana kwamba inaokoa, na wakati mwingine ilichelewesha matibabu yenye maana. Mwongozo ukabadilika na kilichofanyika majumbani kikabadilika. Huku kwetu mwongozo ulibadilika lakini habari haijafika sebuleni, ndo hiyo ninayoileta hapa.

Vitu vya kubeba, na hii ndo sehemu ya muhimu kuliko zote

Wakati mmoja wenu anashughulika na mgonjwa, mwingine azunguke chumba. Angalia chini ya mto, mfukoni, kwenye dastbini, chooni. Beba kila kitu: boksi, karatasi za vidonge hata kama ni tupu, chupa, vidonge vilivyobaki, kijiti cha sindano kama kipo (usikishike kwenye ncha, kitie kwenye chupa ya maji tupu). Ile karatasi ya vidonge iliyo tupu usidhani ni takataka, pale ndo tunapohesabu. Kama ni zile bahasha za kahawia za duka la dawa ambazo zimeandikwa 1x3 bila jina la dawa, beba hivohivo na ujue duka lenyewe liko wapi, tunaweza kuwapigia.

Kisha saa. Sio saa uliyomkuta, bali saa ya mwisho alipoonekana mzima. "Saa 2 usiku alikula ugali na sisi, saa 5 tukamkuta hivi." Hiyo sentensi moja inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Iandike kwenye simu kabla hujasahau kwa sababu mkishafika mapokezi utachanganyikiwa, kila mtu huchanganyikiwa. Ongeza kilo zake unavyokadiria, magonjwa aliyonayo, dawa anazotumia kila siku, kama alikunywa pombe, kama ni mjamzito.

Na ukweli. Hapa nasema taratibu kwa sababu najua kuna aibu na kuna woga. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kama kosa, kwahiyo familia nyingi zikifika zinasema alikula chakula kibaya, au malaria imempanda kichwani. Daktari akiambiwa malaria anaanza na malaria. Dakika 40 zimeenda. Mvute pembeni daktari au nesi, mwambie kwa sauti ya chini, "tunadhani amekunywa dawa makusudi", inatosha, hutahojiwa pale. Kuhusu PF3, ile fomu ya polisi, ni kweli mnaweza kuulizwa, lakini dharura inatibiwa kwanza, fomu inafuata. Gawaneni tu: mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende kituo cha polisi kilicho karibu akaichukue. Wasiende wote.

Usafiri, na hospitali ipi

Usimpakie mtu asiye na fahamu kwenye bodaboda mshikaki, mmoja mbele mmoja nyuma yeye katikati. Kichwa kinaangukia kifuani na hewa inakatika mkiwa njiani, na nyie mnaona tu kwamba ametulia. Tafuta taksi, Noah, bajaji, gari la jirani, alazwe ubavu siti ya nyuma na mtu wa kumwangalia kifua muda wote. Gari la wagonjwa likipatikana haraka ni vizuri zaidi, ila usikae kulisubiri wakati mna gari mlangoni. Namba 115 mnayoisikia ya m-mama ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Sasa uende wapi. Mwongozo wa matibabu wa taifa, toleo la 2021, umeunganishwa na orodha ya dawa muhimu, na kila dawa imewekewa herufi ya ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya mkoa, S ni huko juu kwa mabingwa. Maana yake nini kwako wewe? Maana yake kuna dawa ambayo zahanati ya mtaani kwenu haitakuwa nayo hata wawe wazuri kiasi gani, kwa sababu haijapangwa kukaa pale. Sio uzembe wao. Kwahiyo kama mgonjwa anapumua vizuri na mko mjini, nenda moja kwa moja penye emajensi inayofanya kazi saa 24: Arusha ni kama Mount Meru, Moshi ni Mawenzi au KCMC. Lakini kama hapumui vizuri, simama kwenye kituo chochote kilicho karibu chenye oksijeni na ambubegi (ule mfuko wa kumkamulia mtu hewa), wamshike pumzi kwanza alafu ndo mwendelee. Mtu wa kutoka Longido au Karatu au Same asije akapita vituo vitatu na mgonjwa wa bluu kwa sababu ameambiwa aende hospitali kubwa. Na kituo kinachokupa rufaa, waombe wapige simu kule mnakokwenda wakiwa wanaandika ile karatasi, wataje jina la dawa, ili mkifika ile dawa ya kuzuia sumu iwe inatafutwa tayari.

Mkifika: mbona hawamsafishi tumbo?

Watakachoanza nacho kinaitwa ABC na kuendelea: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, alafu fahamu, alafu kumvua nguo na kumwangalia mwili mzima. Kila asiye na fahamu atatobolewa kidole apimwe sukari, hata kama hana kisukari, kwa sababu sukari ikishuka mtu anaonekana kama aliyezidisha dawa na kuna dawa zenyewe zinashusha sukari. Yale mafunzo ya huduma za dharura za msingi ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotoka 2018, Tanzania ilikuwa moja ya nchi zilikofanyiwa majaribio, na mpangilio ndo huo huo, kwahiyo ukiona hospitali mbili tofauti wanafanya vinavyofanana usishangae.

Kusafisha tumbo kwa mpira ulikuwa ndo utaratibu zamani na wazee wengi wanaukumbuka. Vyama vya wataalamu wa sumu vya Marekani na Ulaya walikaa chini mwaka 1997 wakapitia ushahidi, wakarudia tena miaka ya mbele, wakasema isifanywe kwa kila mtu. Mpira unaweza kusukuma vidonge viingie ndani zaidi, unaweza kupeleka matapishi kwenye mapafu, na kama lisaa limeshapita kinachotoka ni kidogo sana. Kwahiyo ukiona hawafanyi, wamefuata mwongozo.

Badala yake kuna mkaa maalumu wa hospitali, unga mweusi unaochanganywa na maji mgonjwa anakunywa, mtu mzima kwa kawaida gramu 50. Unashika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Lakini una masharti: unafaa zaidi ndani ya saa 1 tangu ale, na mgonjwa awe macho, awe anameza mwenyewe. Haushiki madini ya chuma, haushiki pombe. Na usije ukasaga mkaa wa jikoni ukampa, sio kitu kimoja kabisa. Hapa unaona kwa nini ile saa uliyoiandika kwenye simu inageuza matibabu: dakika 40 anapata mkaa, saa 5 baadaye mara nyingi hapati.

Panadol, ile tunayoidharau

Parasetamo, ndo hiyo Panadol, iko kila nyumba na watu hawaihesabu kama dawa ya kuogopa. Shida yake ni kwamba mtu anaweza kuwa macho, anaongea, analia, anaomba msamaha, familia inapumua kumbe ini linaumia kimyakimya, na madhara yanaonekana siku ya 2 mpaka ya 4: macho ya njano, kuchanganyikiwa, kutokwa damu. Ikifika hapo tumechelewa sana. Kwahiyo aliyezidisha Panadol anakuja hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheka. Sina msamaha kwenye hili.

Dawa yake ipo, inaitwa asetilisisteini, wenyewe tunaiita NAC, na ikianza ndani ya saa 8 tangu ale inalinda ini karibu kabisa. Baada ya saa 8 bado inatolewa na bado inasaidia, ila nguvu inapungua kadiri mnavyochelewa. Kama hospitali ina kipimo, damu inachukuliwa saa 4 au zaidi baada ya kumeza vidonge, sio mapema, kwa sababu kabla ya hapo dawa bado inaingia na namba inadanganya. Ndo maana unaweza kuona wamekaa wanasubiri na wewe damu inakuchemka. Hawajamsahau. Pale ambapo hakuna kipimo hawasubiri namba yoyote, wanapiga hesabu ya kiasi na kilo, na kama hesabu ni ya hatari au haijulikani, wanaanza dawa.

Namna mwongozo unavyoweza kuamua nani atibiwe, angalia Uingereza. Kabla ya 2012 walikuwa na mistari miwili kwenye ile chati ya kulinganisha kiwango cha Panadol kwenye damu na saa zilizopita, aliye juu ya mstari anapewa NAC, mmoja wa wagonjwa wa kawaida na mmoja wa chini kwa wenye hatari zaidi, kama walevi au waliodhoofika. Septemba 2012 wakaufuta ule wa juu, ukabaki mmoja tu, miligramu 100 kwa lita kwenye saa ya 4, kwa kila mtu. Marekani wao wamebaki na 150. Kwahiyo mtu mwenye 120 London analazwa anawekewa dripu, Chicago anaweza kuambiwa nenda nyumbani. Damu ileile, karatasi tofauti. Uingereza waliolazwa wakaongezeka, na palepale wakabadilisha pia chupa ya kwanza ya dripu ya NAC, badala ya kuingia kwa dakika 15 ikawa saa nzima, kwa sababu ikienda haraka watu wanawashwa, wanavimba, wanabanwa kifua. Hilo lichukue kama lilivyo: ukiona nesi anapunguza mwendo wa dripu ya NAC usimwambie aongeze ili mmalize muondoke. Ule utaratibu wa kawaida wa dripu unachukua saa 21. Jipange, leta kanga, leta uji.

Na dripu ikikosekana kuna NAC ya kunywa, ni dawa ileile inayotumika kulainisha makohozi. Ina dozi ya kwanza kubwa alafu nyingine 17 kila baada ya saa 4, jumla siku 3. Inanuka mayai viza, mgonjwa anaikataa, hapa ndugu ndo mnatakiwa kweli: ichanganywe na juisi au soda ya baridi, afunike glasi, anywe kwa mrija. Akitapika kabla ya saa 1 kuisha mwambie nesi, dozi inarudiwa. Usikae kimya ukidhani imeingia.

Unga, tramadoli, vidonge vya usingizi

Dalili za unga na wenzake ziko tatu: hana fahamu, pumzi chache, mboni za macho zimesinyaa kama kichwa cha pini. Lakini angalizo kwa watu wa mashambani, Arumeru huko kwenye bustani za nyanya na kwa wafugaji wenye dawa za josho: sumu za kuulia wadudu nazo zinasinyaza mboni. Tofauti ni kwamba huyu wa sumu ya kuulia wadudu analowa, mate, jasho, machozi, anaharisha, kifua kimejaa majimaji. Huyo avuliwe nguo, aoshwe, na mlete kopo lenyewe, matibabu yake ni mengine kabisa, na nyie vaeni glavu au hata mifuko ya rambo mikononi.

Kwa wa unga dawa ni naloksoni. Inafanya kazi kwa dakika chache na ndugu wanaona kama muujiza. Mwongozo unataka itolewe kidogokidogo, lengo ni apumue, hatumhitaji asimame. Ukimpa nyingi kwa mkupuo mtu aliyezoea unga, anaamka na arosto kali (mwili unadai unga), anatapika, anapigana, anang'oa sindano anakimbia. Sasa sikia hatari iliyopo hapo: naloksoni inakaa dakika 30 mpaka 90, wakati methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, inaweza kukaa zaidi ya siku nzima, na tramadoli au vidonge vya kuachia taratibu vinakaa masaa mengi. Dawa ya kuamsha inaisha kabla ya ile iliyomlaza, analala tena, safari hii yuko gheto peke yake. Machalii wake wakija kusema "ameshapona dokta tunaenda naye", nyie ndugu simameni mlangoni. Abaki aangaliwe.

Tramadoli ina jambo lake lingine, inaleta degedege, hata kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Akianza kutikisika mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni.

Vidonge vya usingizi kama Valium, hasa vikichanganywa na pombe, watu wanauliza mbona hamumpi dawa ya kumwamsha. Ipo, lakini miongozo inaikwepa kwa wengi kwa sababu inaweza kuamsha degedege kwa mtu aliyezoea vile vidonge au aliyechanganya dawa. Anayetunzwa pumzi vizuri anaamka mwenyewe. Naloksoni haimsaidii huyu, ila pia haimdhuru, ndo maana kama hatujui alichotumia na hapumui vizuri tunaweza kuijaribu.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watu wanaoweza kumshuhudia mtu akizidisha, yaani masela wenzake, familia, wahudumu wa jamii, wawe na naloksoni mkononi na wafundishwe kuitumia. Marekani tangu 2023 ile ya kupuliza puani inauzwa bila cheti cha daktari. Huku usitegemee kuikuta duka la dawa la mtaani. Mimi naamini soba hausi (nyumba za wanaoacha unga) na vikundi vinavyokutana na watumiaji wangetakiwa kuwa nayo leo hii, na hili nitalisema popote. Mpaka ifike, pumzi za mdomo zako ndo zinazomshikilia.

Mtoto

Kwa mtoto hesabu ni ya kilo, kwahiyo kidonge kimoja cha mtu mzima ni kingine kabisa kwake. Vitu viwili navitaja kwa jina. Vidonge vya sukari vya bibi kama glibenklamidi: kimoja tu kinaweza kumshusha sukari mtoto, na inaweza kushuka baada ya masaa, kwahiyo hata kama anacheza anabaki hospitali anapimwa sukari mara kwa mara kama siku nzima. Cha pili ni vile vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito, vyekundu vinavutia kama pipi. Madini ya chuma yanaumiza tumbo, mtoto anatapika hata damu, alafu anatulia anaonekana amepona, na baadae hali inabadilika tena ghafla. Kile kipindi cha kutulia ndo kinawadanganya wazazi wanaomba ruhusa. Mama mwenye mimba mwenye mtoto mdogo ndani, weka vidonge vyako juu ya kabati, kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, na usimwambie mtoto dawa ni pipi hata siku anayokataa kunywa.

Kabla ya kutoka hospitali

Waulizeni vitu kwa majina. Kipimo cha ini kinarudiwa lini? Dalili gani tukiziona tunarudi usiku huohuo? Ameonana na mtu wa afya ya akili? Kama alikunywa makusudi asitoke bila kuongea na mtaalamu, hata kama anasema ilikuwa hasira tu, na nyumbani asiachwe peke yake siku za mwanzo, dawa zote ndani zikae kwa mtu mmoja anayezitoa. Hamna kumsema mbele ya wageni wanaokuja kumpa pole. Muulizeni wazi kama bado anawaza kujidhuru, swali hilo halimpi wazo, linampa nafasi ya kusema.

Kama pesa haipo semeni mapema, ofisi ya ustawi wa jamii iko hospitali, msimtoroshe mgonjwa usiku dripu haijaisha.

Kama ni unga, ulizeni habari za methadoni. Tanzania ilianza Muhimbili Februari 2011 na sasa kliniki ziko mikoani, hospitali ya mkoa watawaelekeza. Na mjue jambo hili, kwa sababu nimeona vifo vyake: anayetoka soba hausi, jela, au kitandani baada ya wiki kadhaa bila kutumia, mwili wake umeshasahau. Akirudia kipimo kilekile cha zamani kinamuua. Mwambieni hivohivo bila kumtukana, na mwambieni asitumie akiwa amejifungia peke yake.

Ile karatasi ya ruhusa piga picha, mtumie ndugu mmoja zaidi kwenye WhatsApp. Hali ikibadilika usiku mkarudi, daktari atakayekuwepo hatakuwa yule wa jana, na kwenye ile karatasi kuna jina la dawa, saa aliyokula, na alichopewa tayari.